Mpira, netiboli, judo au riadha: upi utampatia mtoto marafiki?

Mtoto anapopelekwa uwanjani ili apate wenzake, swali la kwanza lisiwe ana kipaji gani. Liwe hili: katika saa moja ya mchezo huo, atamhitaji mwenzake mara ngapi, na mwenzake atamhitaji yeye mara ngapi? Urafiki wa watoto wa miaka 7 hadi 12 hujengwa na vitendo vidogo vinavyojirudia: kuita mpira na kupewa, kungoja zamu, kukosea na kuambiwa "twende, bado", kumpa mkono aliyeanguka. Mchezo unaolazimisha vitendo hivyo humfunza hata mtoto mkimya. Mchezo unaoviacha vitokee vyenyewe huwafaa zaidi wale ambao tayari wana marafiki.

Kwa kipimo hicho tumelinganisha michezo ambayo mzazi wa Tanzania au Kenya anaweza kuipata bila kusafiri mbali. Majibu mengine huenda yakakushangaza.

Netiboli na mpira wa miguu

Tunaianza hii miwili kwa sababu karibu kila shule ya msingi inayo, na Tanzania yote miwili imo kwenye UMITASHUMTA, mashindano ya michezo ya shule za msingi. Mtoto hahitaji ada wala vifaa vya gharama.

Tazama sheria za netiboli kwa jicho la mzazi. Aliyedaka mpira haruhusiwi kukimbia nao, na lazima auachie ndani ya sekunde 3. Uwanja wa mita 30.5 kwa 15.25 umegawanywa sehemu tatu, na mpira hauruhusiwi kurushwa kuvuka sehemu nzima bila kuguswa na mtu. Wanaoruhusiwa kufunga ni wawili tu kati ya saba, wafungaji wanaovaa vizibao vya GS na GA. Maana yake ni kwamba mpira unaotoka nyuma hauwezi kufika golini bila kupita kwenye mikono ya watu kadhaa. Mtoto mwenye uchoyo wa mpira hana pa kuupeleka uchoyo wake, kwani sheria yenyewe inamnyang'anya. Aliye na aibu naye anapewa mpira kwa sababu wanaoruhusiwa kuingia katika eneo lake ni wachache.

Kuna sheria nyingine ambayo watu hawaizungumzii sana. Anayemkaba mwenye mpira lazima awe umbali wa mita 0.9. Kwa mtoto anayeogopa kugongwa, nafasi hiyo inampa muda wa kuinua macho, kuona nani yuko wazi na kumwita kwa jina. Hapo ndipo stadi ya kuwasiliana inapozaliwa. Mtoto aliyebanwa na watu watatu miguuni hamwoni mtu.

Netiboli ina kasoro zake, na kubwa ni kuganda kwa nafasi. Mtoto aliyepewa kizibao cha GK (mlinzi wa goli) akiwa darasa la tatu anaweza kufika darasa la saba hajawahi kuona upande wa pili wa uwanja. Matokeo yake ni kwamba anajuana na mabeki wenzake wawili tu. Dawa ni kubadilisha vizibao kila robo ya mchezo, angalau kwa watoto walio chini ya miaka 11. Kwa wanaoanza, tumia mpira namba 4, shusha ringi kutoka mita 3.05 hadi kama mita 2.4, na wape sekunde 5 badala ya 3. Ringi ikiwa juu mno hawafungi, na mchezo usio na magoli huwakatisha tamaa ndani ya wiki mbili.

Kasoro ya pili ni ya jamii yetu, si ya mchezo: netiboli imeachiwa wasichana. Mvulana anayehitaji mchezo wa aina hii mtafutie mpira wa mikono. Una wachezaji saba, hatua zisizozidi tatu na sekunde 3 za kushika mpira. Kikapu kinakaribia, ila humruhusu mtoto hodari kudunda mpira peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Kocha mzuri wa kikapu cha watoto huweka vipindi vya kucheza bila kudunda kabisa, pasi tu, na hutumia ringi ya mita 2.6 na mpira namba 5 kwa walio chini ya miaka 12. Muulize kama anafanya hivyo.

Sasa mpira wa miguu. Nguvu yake kubwa ni kwamba unajulikana kila mahali. Mtoto aliyehamishiwa shule mpya, asiyejua mtu, hata asiyeijua vizuri lugha ya pale, akiweza kutoa pasi na kupokea, siku ya kwanza ya mapumziko tayari ana watu wa kukaa nao. Hakuna mchezo mwingine unaofungua mlango haraka namna hiyo. Hili ni jambo zito, na mzazi anayehama mikoa mara kwa mara asilipuuze.

Udhaifu wake ni kwamba sheria hazimlazimishi mtu kutoa pasi. Ukiwaweka watoto 22 kwenye uwanja mkubwa na mpira mmoja, wanaukimbilia kama nyuki. Watatu au wanne wanaucheza, wengine wanakimbia tu. Wawe wanane, wanne kwa wanne, na kila mmoja atahusika karibu mara tatu zaidi kwa hesabu nyepesi ya watu na mpira. Ndiyo sababu mafunzo ya kisasa ya watoto huanza na watu wanne au watano kila upande na kupanda taratibu hadi saba, kisha tisa. Uwanja wa mita 30 kwa 20 unatosha watano kwa watano. Mpira namba 3 hufaa walio chini ya miaka 8, na namba 4 huwatosha hadi miaka 12. Mpira namba 5 mguuni mwa mtoto wa miaka 7 ni mzito na hauendi anakotaka, basi pasi zinapotea na wenzake wanaacha kumpa.

Mambo matatu huharibu urafiki kwenye mpira wa watoto, na yote yanazuilika.

La kwanza ni kuchagua timu kwa manahodha wawili wanaoita majina mmoja mmoja. Anayebaki wa mwisho anatangazwa mbele ya wote kuwa hatakiwi, na anatangazwa tena kesho. Wahesabishe moja, mbili, moja, mbili, au kocha agawe vizibao kabla hawajafika.

La pili ni golikipa wa lazima. Asiyejua anawekwa golini, akifungwa analaumiwa, na hapati nafasi ya kujifunza kitu kingine. Golini kuwe zamu ya dakika 5 kwa kila mtoto.

La tatu ni benchi. Timu ya watu watano yenye watoto saba na mechi ya dakika 40 ina dakika 200 za kugawana. Ukigawa sawa, kila mtoto anapata dakika 28 hivi. Kocha akisema haiwezekani kuwachezesha wote, mpe hesabu hiyo kwa heshima.

Kuna namna ya kuucheza mpira ambayo hushinda netiboli yenyewe kwa kufundisha mazungumzo. Ilianzia Medellín, Colombia, katika miaka iliyofuata kuuawa kwa mchezaji Andrés Escobar mwaka 1994. Timu zina wavulana na wasichana, hakuna refa, na goli la kwanza lazima lifungwe na msichana. Kabla ya mechi watoto hukubaliana sheria, na baada ya mechi hukaa pamoja kujadili kama zilifuatwa. Shule yoyote inaweza kuiiga namna hiyo: dakika 5 za makubaliano, mchezo, dakika 10 za mazungumzo. Mara za kwanza watagombana kwenye mazungumzo. Waache, mwalimu asimamie zamu za kusema tu. Mtoto anayejifunza kusema "ulinisukuma na hukuomba radhi" bila kurusha ngumi amepata kitu kitakachomfaa mpaka kazini.

Judo na karate

Wazazi wengi huwapeleka watoto huko ili wajue kujitetea. Kwa upande wa urafiki, judo ina zawadi ambayo haitangazwi. Jigoro Kano alipoianzisha Japani mwaka 1882 aliijenga juu ya wazo kwamba wawili wanaofanya mazoezi hufaidishana. Hilo si maneno matupu, limo ndani ya mazoezi yenyewe. Mtoto hawezi kujifunza kumwangusha mtu bila mwenzake kukubali kuangushwa. Anayeangusha anabaki ameshika mkono wa nguo ya mwenzake ili atue salama. Anayebanwa akipiga mkeka mara mbili, unaachia hapohapo. Halafu mnainamiana na kubadilishana.

Kwa mtoto mwenye hasira za karibu, anayepiga wenzake, hatujaona mchezo unaomfaa zaidi. Anagusana na watu kwa nguvu, jambo ambalo mwili wake unalitaka, lakini ndani ya sheria kali na huku akihesabika kwa usalama wa mwingine. Pia humfaa mtoto anayeshindwa kufuata mambo mengi kwa wakati mmoja, maana hapa kuna mtu mmoja tu mbele yake.

Karate hutofautiana kwa klabu. Kama kipindi kizima ni safu za watoto wakipiga hewa na kufanya kata (mfululizo wa mapigo uliopangwa) kila mtu peke yake, mtoto anaweza kusoma mwaka mzima asijue jina la jirani yake. Uliza dakika ngapi za kipindi ni mazoezi ya wawiliwawili, na kama wanabadilishana wenza. Theluthi moja ya kipindi ni kiwango cha chini.

Angalizo la usalama: judo bila mikeka minene ya kuangukia isifanywe. Mwezi wa kwanza unapaswa kuwa wa kujifunza kuanguka, mikono ikipiga mkeka na kidevu kikiwa kifuani. Klabu inayowarusha watoto chini siku ya kwanza juu ya zulia, ondoka.

Riadha na kuogelea

Hizi tunazipitia haraka. Kuogelea kila mtoto ajifunze, hasa wa pwani na wa kandokando ya maziwa, lakini sababu ni uhai wake, si marafiki. Uso umo majini, huwezi kusema wala kusikia, na kila mtu ana njia yake. Urafiki wa bwawani huzaliwa nje ya maji, kwa hiyo mzazi anayefika dakika ya mwisho na kumchukua mtoto mara tu kipindi kinapoisha amemnyima sehemu yenyewe. Mwachie dakika 20 za kukaa na wenzake.

Riadha ina sura mbili. Mbio za mita 100 peke yake hazimfundishi mtoto kuhusu mwenzake zaidi ya kumpita. Mbio za kupokezana vijiti ni habari nyingine. Wanne wanategemeana, na kijiti lazima kibadilishwe ndani ya eneo la mita 30. Mpokeaji anaanza kukimbia akimwamini anayekuja, na mkono anaunyoosha nyuma bila kugeuka. Watoto wanne wenye kasi ya kawaida waliofanya mazoezi ya kupokezana wanaweza kuwashinda wanne wenye kasi ambao hawajafanya, na ushindi wa namna hiyo huwaunganisha sana. Tatizo ni walimu wanaounda timu moja tu ya wenye kasi. Timu nne za shule, zilizochanganywa kwa makusudi, hazigharimu zaidi ya vijiti vinne.

Mbio ndefu za taratibu, pale ambapo watoto wanaweza kuongea huku wakikimbia, nazo zinafaa kwa wenye miaka 11 na kuendelea. Wakimbiaji wa Iten, Kenya, hufanya mazoezi kwa makundi, na hata Eliud Kipchoge alipokimbia chini ya saa mbili Vienna tarehe 12 Oktoba 2019 alizungukwa na wenzake 41 waliokuwa wakipokezana kumwongoza.

Mtaani au akademi?

Hapa wazazi wa mjini hukosea, na kosa lenyewe ni la saa. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alionyesha kuwa watu wazima huhitaji saa kama 50 pamoja ili kutoka kujuana hadi urafiki wa kawaida, na zaidi ya 200 kufikia urafiki wa karibu. Watoto si watu wazima, lakini kama kipimo cha kukadiria hesabu hii inasaidia. Akademi yenye mazoezi mara mbili kwa wiki, saa moja na nusu kila mara, ni saa 3. Itachukua karibu wiki 17 kufika 50. Chandimu ya mtaani, siku tano kwa wiki kwa muda uleule, ni saa 7 na nusu. Wiki saba tu.

Zaidi ya hapo, mtaani hakuna kocha wa kuamua. Watoto wenyewe hupanga goli la mawe, hubishana kama mpira ulitoka, humbembeleza mwenye mpira asiondoke nao akifungwa. Rede, kombolela na kibe hufanya kazi hiyohiyo. Mtoto ambaye kila mchezo wake umepangwa na mtu mzima hajifunzi kumaliza ugomvi mwenyewe.

Lakini mtaa una ukatili wake. Mtoto dhaifu hutumwa kuokota mipira, mdogo hutukanwa, na msichana mara nyingi hana nafasi. "Gombania goli", ambapo kila mtu ni adui wa kila mtu, hunoa chenga na tobo lakini si ushirikiano. Basi panga hivi: mtoto mwenye uchangamfu na mtaa ulio salama, chandimu inatosha, usitumie pesa. Mtoto anayeonewa mtaani, mpeleke kwenye kundi dogo lenye kocha kwa muhula mmoja, apate ujuzi na wenzake wawili watatu, kisha arudi.

Kushindana peke yake hakujengi urafiki

Mwaka 1954 huko Oklahoma, Marekani, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwagawa wavulana 22 wa miaka 11 hivi katika makundi mawili na kuwashindanisha kwa michezo, ikiwemo besiboli na kuvuta kamba. Ndani ya kila kundi watoto walishikamana. Kati ya makundi walitukanana, wakachomeana bendera na kuvamiana vyumbani. Hali ilitulia walipopewa kazi ambazo kundi moja lisingeziweza bila jingine. Bonanza la shule mbili, kwa hiyo, halitazifanya shule hizo zipendane. Ukitaka hivyo, changanya timu: nusu wa shule hii, nusu wa ile.

Hata kuchanganya kuna kikomo. Huko Iraki, mtafiti Salma Mousa aliziweka timu za mpira za Wakristo na za mchanganyiko wa Wakristo na Waislamu katika ligi moja. Matokeo yalitoka mwaka 2020. Waliocheza pamoja walikuwa tayari kucheza na kufanya mazoezi pamoja tena. Nje ya uwanja, hata hivyo, mazoea yao ya kukaa na watu wa dini nyingine hayakubadilika sana. Kwa mzazi, hili ndilo somo la kushika: urafiki wa uwanjani hubaki uwanjani mpaka mtu mzima aufungulie njia ya kuingia nyumbani. Mathare, Nairobi, chama cha michezo cha vijana, MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987 kimefungua njia hiyo kwa kuzipa timu pointi za ligi kwa kusafisha mitaa, hivyo watoto hufanya kazi pamoja wakiwa hawachezi.

Kuamua na wiki sita za mwanzo

Mkimya anayejua kufuata maelekezo: netiboli au mpira wa mikono. Mwenye hasira: judo. Aliyehamia karibuni: mpira, lakini watano kwa watano. Aliye na mwili mzito na anayechekwa akikimbia: judo tena, au nafasi ya GK ya netiboli, ambako urefu na utulivu ni mali. Chini ya miaka 6 usimwandikishe kwenye ligi yoyote. Wadogo kati yao bado hucheza mmoja kando ya mwingine, na rede ya uani inawatosha.

Kabla ya kulipa, kaa ukatazame kipindi kimoja. Chagua mtoto mmoja mkimya na uhesabu kwa dakika 20: amegusa mpira mara ngapi, ameitwa kwa jina lake mara ngapi, amesimama bila kazi dakika ngapi. Asipoitwa jina hata mara moja, tafuta kwingine. Angalia pia ratiba: pwani, watoto wengi wako madrasa alasiri, hivyo Jumamosi asubuhi huvuta wengi zaidi. Kwa wasichana, uliza kuhusu choo na maji. Hijabu isiwe kikwazo, kwani sheria za soka za kimataifa ziliiruhusu tangu 2014 na za kikapu tangu 2017.

Akirudi nyumbani, acha kuuliza "mmeshinda?" Uliza "leo umecheza na nani?" Wiki ya kwanza na ya pili atasema "watoto tu". Kufikia wiki ya nne awe na angalau jina moja. Likitajwa mara mbili, mwalike mtoto huyo nyumbani siku isiyo ya mazoezi, baada ya kuzungumza na mama au baba yake. Saa mbili na chai vinatosha, na usiwapangie la kufanya.

Wiki ya sita ikifika bila jina lolote, usimtoe bado. Mwombe kocha ampe mwenza mmoja wa kudumu wa mazoezi ya pasi kwa wiki mbili, mtoto mpole na si nyota wa timu. Nyota hutafutwa na kila mtu na hana haja ya rafiki mpya. Hilo nalo likishindikana, mhamishe mchezo, na umwambie wazi kwamba kilichobadilika ni mchezo, si yeye.